Mbio Zisizowakutanisha Wakimbiaji

Mwambie mtu kwamba kijana aliyeketi Garissa anaweza kushindana mbio za magari na mwenzake wa Budapest, na kwamba wawili hao hawatakuwa uwanjani kwa wakati mmoja hata siku moja, naye atatoa mojawapo ya hukumu mbili. Atasema huo ni upuuzi wa watoto waliokosa kazi, au atasema ni tabia ya ugenini iliyokuja kuharibu malezi ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Hukumu zote mbili hutolewa na watu waliotazama kioo cha kompyuta wakasahau kuwatazama wanaokaa mbele yake. Shindano la muda wa mzunguko, ambapo kila mmoja huendesha peke yake katika mchezo unaoiga mbio za magari kisha akapeleka muda wake bora kwa mwandalizi, lina jamii yake, na jamii hiyo ina sheria, mashahidi, karipio na heshima. Ninashikilia kwamba mila hizo zinakaribiana sana na zile ambazo Wasomali wa mashariki mwa Mto Tana wamezijua tangu kale, na kwamba anayezidharau hapa anadharau jambo lile lile analolitukuza kwingine.

Utaratibu wenyewe ndio wenye uzuri, kwa hiyo inafaa uelezwe bila haraka. Mwandalizi hutangaza gari moja na uwanja mmoja, kisha huweka muda wa kufungua na wa kufunga, mara nyingi wiki moja au mbili. Hutaja toleo la programu, kwa sababu toleo jipya huweza kubadili jinsi tairi linavyoshika lami, na mtu aliyeendesha juzi akawa hakushindana na aliyeendesha leo. Hutaja joto la lami na upepo pale programu inapoviiga, na husema wazi kama kila mmoja ana ruhusa ya kurekebisha springi na mabawa ya gari au kama wote watatumia gari lilivyo. Kisha huja kanuni ya mstari mweupe: angalau magurudumu mawili yabaki ndani ya mipaka ya njia kila wakati, na anayekata kona mzunguko wake unafutwa. Waandalizi makini huongeza kwamba hata kona ya mwisho ya mzunguko uliotangulia ni lazima iwe safi, kwa kuwa anayeikata hiyo huanza mzunguko wa kuhesabiwa akiwa na mwendo wa wizi. Muda peke yake haupokelewi. Huambatana na faili la marudio linaloonyesha mzunguko wote, kila breki na kila geuzo la usukani, na lolote lenye shaka hutazamwa tena mbele ya wote.

Kuna desturi moja hapo ninayoipenda kuliko zote. Marudio ya aliye mbele huwekwa wazi ili kila mshindani ayachukue, ayafungue kama gari la kivuli, na ajaribu kulifuata. Mwenye kasi kubwa hutoa ushahidi wake, na kwa tendo hilo hilo hutoa siri yake: mahali anapokanyaga breki, jinsi anavyoliacha gari liteleze hadi ukingoni mwa njia. Anayeongoza Jumatatu humfundisha atakayemshinda Alhamisi, naye anajua hivyo. Ziko pia nyakati ambapo mtu hugundua mwenyewe kwamba mzunguko wake haukuwa halali, akaandika kuomba ufutwe kabla hajashtakiwa. Hakuna askari aliyemlazimisha.

Mila hizi hazikuzuka jana. Mchezo wa Grand Prix Legends, uliotoka mwaka 1998 ukiiga msimu wa Formula One wa 1967, ulikuwa mgumu kiasi kwamba wengi waliuacha. Waliobaki walijitungia kipimo chao: muda wa mtu katika kila uwanja ulilinganishwa na muda wa kigezo, tofauti zikajumlishwa, na kushuka chini ya sifuri kukawa cheo cha kujivunia. Live for Speed, mchezo ulioundwa na watu watatu tu, uliweka jedwali la nyakati ambapo kila muda ulikuwa na marudio yake ya kuchukuliwa na yeyote. Kwa wanaouliza kama haya yana maana yoyote nje ya kioo, mashindano ya GT Academy yaliyoanzishwa na Nissan na Sony mwaka 2008 yalichuja washiriki kwa nyakati za mizunguko katika mchezo wa Gran Turismo. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, alishika nafasi ya pili katika daraja la LMP2 kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2011, kwa gari la chuma na petroli.

Sasa turudi Garissa. Ushindani wa watu wasiokutana si mgeni kwa Wasomali. Ushairi wao una desturi ya silsilad, mlolongo wa mashairi ambapo mmoja hutunga mahali pake, mwingine akamjibu kutoka mbali, na kila anayeingia hufungwa na herufi ile ile ya mwanzo wa maneno. Deelley, mlolongo ulioanzishwa na mshairi Gaariye akiwa na mwenzake Hadraawi mwishoni mwa miaka ya 1970, ulifuata herufi D na kusambaa kwa kaseti. Kabla ya kaseti walikuwapo wahifadhi waliobeba shairi neno kwa neno, na kulibadilisha shairi la mtu au kumnyima jina lake kulihesabiwa kuwa kosa. Masharti ni yale yale: kipimo kimoja kwa wote, ushahidi unaosafiri bila kuharibiwa, na jina la mwenye kazi kubaki juu ya kazi yake. Vivyo hivyo na xeer, sheria ya makubaliano inayosimamiwa na wazee bila gereza. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililoafikiwa na viongozi wa Kaskazini Mashariki kuhusu malisho, wizi wa mifugo na fidia, lilijengwa juu ya wazo kwamba kanuni hutajwa kabla ya kosa, si baada yake. Mwandalizi wa shindano la muda anayebadilisha sharti katikati ya wiki huvunja wazo hilo hilo, na washindani humwacha.

Hata maumbile ya mtandao yanaunga mkono aina hii ya mbio. Nyaya za mtandao za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini hakuna waya unaofuta umbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na ujumbe wa kwenda Ulaya na kurudi hula karibu sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa hupita zaidi ya mita tano katika muda huo, urefu wa gari zima, kwa hiyo mbio za ana kwa ana humwonyesha kijana wa Garissa mpinzani asiye pale anapoonekana. Ongeza minara ya simu iliyoharibiwa na magaidi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na stima ya Wajir na Mandera ambayo kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli. Anayeshindana kwa muda huendesha stima inapokuwepo na kutuma faili dogo mtandao unaporudi. Saa haimwadhibu kwa mahali alipozaliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, na halistahili kupuuzwa. Wazee wanauliza kama hii si kamari. Wanazuoni wa fikihi wamejadili mbio tangu zamani, wakaruhusu zawadi katika mashindano ya ngamia, farasi na mishale, na wakatofautisha zawadi inayotolewa na mtu wa nje na dau linalowekwa na washindani wenyewe, ambalo mshindi hulizoa na walioshindwa hulipoteza. Kama ruhusa hiyo inafika kwenye usukani wa kompyuta, si kazi yangu kuamua. Ninachoweza kusema ni kwamba desturi nzuri ya jamii hii tayari iko upande wa tahadhari: hakuna ada ya kuingia, na malipo ya mshindi ni jina lake juu ya jedwali. Mahali ada inapokusanywa na kugawiwa washindi, wazee wana haki ya kukataa, nami niko pamoja nao.

Pingamizi la pili husema mwandalizi hahitajiki tena, kwa kuwa kampuni zimeweka majedwali yao ndani ya michezo. Hapo ndipo ninapoona hasara. Seva za mchezo wa DriveClub zilizimwa Machi 2020, za Gran Turismo Sport Januari 2024, na nyakati ambazo watu walizitafuta kwa miezi zikaondoka nazo. Majedwali hayo hayakuwa na mzee wa kusikiliza lalamiko wala mhifadhi wa kubeba ushahidi. Grand Prix Legends bado unachezwa kwa sababu faili zilikuwa mikononi mwa watu.

Kwa hiyo, anayetaka kuanzisha shindano Garissa, Wajir au Mandera achague mchezo ambao hata kompyuta ya zamani inaubeba. Aandike kanuni kabla ya mzunguko wa kwanza, kwa Kisomali na Kiswahili. Asiweke siku ya kufunga katika kumi la mwisho la Ramadhani, na akisema saa sita usiku aseme ni ya Afrika Mashariki, maana Greenwich wakati huo ni saa tatu usiku. Asipokee ada. Na nakala za marudio yote aziweke zaidi ya mahali pamoja, akiwakabidhi angalau washindani wawili kutoka miji tofauti.