Mji wa Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, umepata kusikia habari za mji ambao meya, karani na mtunza hazina wake alikuwa mtu yule yule, naye ndiye aliyekuwa raia pekee? Mji huo ni Monowi, katika jimbo la Nebraska, Marekani.

Monowi ulianzishwa mwaka 1902, reli ilipofika huko. Katika miaka ya 1930 ulikuwa na wakazi wapatao 150, wenye maduka, shule na kanisa. Lakini mashine zilipoingia mashambani, mikono mingi haikuhitajika tena, na vijana wakaenda kutafuta kazi mijini. Posta na duka la mwisho la vyakula vilifungwa kati ya mwaka 1967 na 1970. Shule ikafuata mwaka 1974.

Sensa ya mwaka 2000 iliwakuta watu wawili tu: Bibi Elsie Eiler na mumewe, Rudy. Mwaka 2004 Rudy akafariki dunia. Mjane hakuhama. Aliendelea kuendesha baa yake, ambako wakulima wa jirani walikutana kula na kuzungumza. Alijitoza kodi mwenyewe ili taa za barabarani ziendelee kuwaka. Vitabu vya marehemu, vipatavyo 5,000, alivifanya maktaba. Sensa ya mwaka 2010 ikaandika: mkazi 1.

Nasi, msomaji, wengi tuna vijiji tulivyoviacha nyuma tukifuata riziki. Basi tujiulize: huko nyumbani, ni nani aliyebaki kuwasha taa?