Ua la mlangoni, dawa ya saratani ya watoto

NCHELENGE, Zambia – Magunia ya chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, huondoka soko la Kashikishi kwenda Copperbelt na Kongo. Mwenye mzigo hulala njiani siku kadhaa. Mtoto aliyebaki nyumbani akitokwa na uvimbe usiouma, ni rahisi kuanza na mizizi ya kuchemsha.

Sibezi mitishamba. Mojawapo ya dawa kuu za rabdomiosarkoma, saratani ya tishu laini inayowapata zaidi watoto, hutoka kwenye mmea: ua dogo la Madagaska, la pinki au jeupe, lenye petali tano, ambalo wengi katika kanda yetu wamelipanda mlangoni. Jamaika walilinywa kwa kisukari. Miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walilichunguza wakakuta linapunguza chembe nyeupe za damu, wakapata vinblastini. Ikafuata vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Dawa hiyo huzuia seli za saratani kugawanyika. Barani Afrika hutumika pia kwa Kaposi, saratani ambayo madaktari wa Lusaka waliona ikiongezeka kwa watoto baada ya UKIMWI kuingia.

Ndugu yake, vinorelbini, ilijaribiwa Ulaya kwa watoto waliomaliza matibabu ya kawaida. Waliopewa miezi sita zaidi, pamoja na dawa nyingine, asilimia 86.5 walikuwa hai baada ya miaka mitano; waliosimamishiwa dawa, asilimia 73.7.

Mbona basi tusichemshe majani? Mfanyabiashara apige hesabu: gramu moja ya dawa hizi hudai mamia ya kilo za majani makavu. Mtoto huchomwa vinkristini isiyozidi miligramu 2 kwa mara moja, kwenye mshipa wa damu tu. Ikivuja huunguza nyama. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huua. Sufuria haina mizani hiyo, na majani yana sumu nyingine.

Kwa watu wa ziwani, mlango wa karibu ni Hospitali ya Misheni ya St. Paul's, Kashikishi. Hospitali ya Saratani iko Lusaka, takriban kilomita 1,000. Nauli ni nzito, na uvimbe haungoji bei ya samaki ipande. Ukifika, mtajie daktari kila mzizi aliokunywa mtoto: vinkristini huondolewa mwilini na ini, na baadhi ya mitishamba huvuruga kazi hiyo.