Nusura niunguze pesa ya Idi ya mtoto!

Wiki hii naomba mnicheke kidogo, halafu tujifunze pamoja. Kama nyumbani kwako kuna gari la rimoti, liwe la mdogo wako au lako mwenyewe (maana wapo watu wazima wanaosingizia watoto!), basi haya yanakuhusu.

Mpwa wangu ana miaka 12. Ana gari lake la rimoti la mtumba, linalotumia betri ya volti 7.2. Siku za karibuni gari likawa kimeo. Likiwashwa linakwenda vizuri, ukiliongezea moto linanywea kama kuku aliyenyeshewa. Mimi nikajifanya mtaalamu, nikamwambia, "Betri imechoka hiyo." Mtoto wa watu akavunja kibubu, akatoa pesa yake yote ya Idi, tukanunua betri mpya.

Mambo yakawa yale yale! Tena safari hii pua zikanasa harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoigusa ile plagi nyeupe inayounganisha betri na gari, nilitoa mkono mbio.

Hapo ndipo nilipofanya kituko cha mwaka. Nikaona dawa ni kuikata plagi na kuunga waya kwa waya. Nikachukua mkasi, nikakata waya mwekundu na mweusi kwa mpigo mmoja. Pa! Cheche zikaruka, mkasi ukaingia pengo, nami nikajikuta juu ya kochi.

"Anko, umeua betri yangu?" dogo akauliza, machozi yanamlengalenga. Nilikosa jibu.

Tukafunga ncha za waya kwa tepu, tukaelekea Kariakoo kwa mzee mmoja fundi redio. Baada ya shikamoo nikamweleza mkasa wote. Mzee akachukua mita yake, akapima, akatikisa kichwa.

"Marahaba mwanangu. Betri nzima hii. Ila wewe ulikuwa unatafuta makubwa. Mkasi ni chuma, umegusa chanya na hasi kwa pamoja, betri imemwaga umeme mwingi hapo kwa mpigo. Na ugonjwa wenyewe haukuwa tumboni, ulikuwa kooni!"

Koo ni ile plagi. Plagi za namna hiyo zimezoeleka sana kwenye magari ya Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani, iliyotoa gari la Grasshopper mwaka 1984. Grasshopper lilikuja na mota ndogo ya aina ya 380, hivyo kazi haikuwa nzito. Sasa mtu akifunga mota yenye nguvu, na plagi yenyewe imezeeka, vyuma vimelegea na kuingia kutu, hapo kasheshe.

Mzee akanipigia hesabu kwenye kipande cha gazeti. Tuseme mota inavuta ampea 20, na plagi mbovu ina ukinzani wa omu 0.02 tu. Zidisha: volti 0.4 zinapotelea njiani. Na joto? Ampea 20 mara 20 mara 0.02, unapata wati 8, zote ndani ya kidude kidogo kuliko kidole gumba! Plastiki ikilainika, usishangae. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Si mchezo.

Akatufungia plagi ya njano iitwayo XT60, ambayo vyuma vyake ni vinene na vinabana barabara. Waya nyembamba za zamani nazo akazitupa, akaweka nene, laini, zenye ganda la silikoni linalovumilia joto. Nilikodoa macho, na haya ndiyo niliyoyanasa:

Kwanza, kata waya mmoja, umalize kuulehemu na kuufunika, ndipo uguse wa pili. Kamwe isiwe yote miwili kwa pamoja!

Pili, upande wa betri weka plagi jike, ile ambayo vyuma vyake vimejificha ndani. Ukiweka dume, funguo za mfukoni zinaweza kugusa vyuma vyote viwili, ukajikuta unazima moto suruali.

Tatu, kabla ya kulehemu, valisha waya kale kamrija kanakosinyaa kakipata moto. Ukisahau, utaanza upya. Halafu chomeka dume na jike pamoja wakati unalehemu, ili plastiki ikilainika vyuma visiende upande. Jike la betri lichomekee dume tupu lisilo na waya, siyo lile lililofungwa kwenye gari.

Nne, hakikisha mwekundu umekaa kwenye alama ya kujumlisha na mweusi kwenye ya kutoa. Ukigeuza, kile kibokisi kinachodhibiti mwendo wa mota kinaweza kuungua papo hapo.

Tano, kama betri ni ya lithiamu, usijifunzie ufundi juu yake. Ikipigwa shoti inaweza kuwaka moto wa kweli kweli. Mpelekee fundi.

Tukarudi nyumbani tunachekelea. Dogo akachukua chaja aijaze betri, akanitazama. Chaja ina plagi ya zamani! Kesho yake tukarudi tena kwa mzee, akacheka mpaka akavua miwani, akatutengenezea kiunganishi, upande mmoja plagi nyeupe, upande wa pili ya njano. Kwa hiyo na wewe, ukibadili plagi ya gari, kumbuka na chaja.

Jioni hiyo gari lilitoka kwa kasi mpaka paka wa jirani akapanda ukutani. Baada ya mzunguko mrefu niliigusa plagi, nikakuta uvuguvugu tu. Na ile betri ya zamani niliyoiita imechoka? Mzee aliifungia plagi mpya nayo, inapiga kazi mpaka leo. Maana yake pesa ya Idi tuliitumia bure, kwa ujuaji wangu.

Nimeshaanza kumrudishia mpwa wangu kidogo kidogo. Mkasi bado una pengo, na kila akiuona ananiuliza, "Anko, leo hukati waya?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.