Peke Yako Hadi Lengai: Yapi Kweli, Yapi Si Kweli?

Vijana wengi wa mjini sasa wanatamani safari ya mtu mmoja: gari, hema, begi la mgongoni na mlima mmoja wa kujipima nguvu. Kwa anayeanzia Arusha, sijui njia inayovutia kuliko ile ya kwenda Mto wa Mbu, kisha kukata kulia chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kupita Selela na Engaruka hadi Ziwa Natron, unakosimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai. Karibu kila kitu utakachokiona huko kimeumbwa na volkano, na volkano haipimwi kwa macho. Tuyapime basi yanayosemwa.

“Mlima unapandika peke yako, mradi unajiamini.”

Si kweli. Kilimanjaro, kanuni za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni. Mlima Meru, juu ya mji wa Arusha, utaongozana na askari mwenye bunduki, kwa kuwa njia ya kutokea lango la Momella inakatiza malisho ya nyati. Lengai haumo ndani ya hifadhi ya taifa, na hapo ndipo watu wanapojiambia kwamba hakuna wa kuwazuia. Lakini mlima huo hupandwa usiku, juu ya majivu ambayo mvua huyachimba mifereji mipya kila msimu. Anayejua mfereji upi unapitika na upi umebomoka ni kijana wa Kimaasai wa kijiji cha Engare Sero, aliyepita huko juzi.

Nina neno zaidi hapa. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, Kilimanjaro, mwaka 1889, wawili tu. Kilichowafikisha ni kambi zilizopangwa mlimani na wapagazi waliopandisha chakula mara kwa mara, ili wazungu hao wasilazimike kushuka kila walipoishiwa. Hata leo, mtu anayejiita mpandaji wa peke yake Kilimanjaro amebebewa hema, maji na unga na watu ambao hawaonekani kwenye picha. Safiri bila kundi, ni haki yako. Ila wataje waliokufikisha.

“Meru umekufa.”

Si kweli. Ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, ambayo kwa umri wa mlima ni jana. Ukisimama Momella ukautazama, utaona ubavu wa mashariki haupo. Ulianguka maelfu ya miaka iliyopita, na vilima na maziwa madogo yanayokuzunguka yamekaa juu ya vifusi vyake.

“Maji ya chemchemi ya mlimani ni salama ukiyachemsha.”

Kwa vijidudu, kweli. Kwa floraidi, hapana, na kosa hili limewaumiza watu wengi. Miamba ya volkano hutoa floraidi, maji yakaibeba, nayo haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ukichemsha, maji hupungua na floraidi hubaki, kwa hiyo yanakolea zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi nyingi za miteremko ya Meru zinapita kiwango hicho mara kadhaa. Msafiri wa siku chache hatadhurika. Anayedhurika ni mtoto anayekulia hapo: meno yanaota na madoa ya kahawia, na palipo na floraidi nyingi mno mifupa nayo hupinda. Watu wenye meno hayo wamechekwa mashuleni na makazini kana kwamba hawapigi mswaki. Huko Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo inafaa. Kinachohitajika ni kuifikisha kwenye kila ndoo.

“Ziwa Natron hugeuza wanyama kuwa mawe.”

Si kweli. Habari hiyo ilienea mwaka 2013 kupitia picha za mpiga picha Nick Brandt. Ndege na popo aliowapiga picha walikuwa wamekwisha kufa na kukaushwa na chumvi na magadi. Yeye aliwaokota ufukoni na kuwaweka mkao wa walio hai. Maji ya Natron ni makali kwa ngozi na macho, ndiyo, lakini ziwa hilo ni mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Wanajenga viota vya matope katikati ya magadi kwa sababu fisi na mbweha hawapendi kuwafuata huko. Kuliita ziwa la mauti ni kulionea.

“Gari lolote litafika.”

Kiangazi labda. Mbele ya Engaruka kuna vumbi laini la majivu linalomeza tairi, na makorongo makavu ambayo hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, wewe uko juani. Chukua gari lililoinuka juu kutoka ardhini, tairi mbili za akiba na maji kuliko unavyodhani yanatosha. Korongo likiwa na maji, subiri.

“Lengai ni mfupi, hauna shida.”

Si kweli. Haufiki mita 3,000, lakini unaanza kupanda kutoka bondeni, bila kituo, bila kivuli na bila tone la maji. Karibu na kilele mteremko ni mkali kiasi cha kupanda kwa mikono na miguu. Ndiyo maana watu huondoka usiku wa manane: saa nne asubuhi, wakati wa kushuka, jua limekwisha kuwa adui.

“Weupe wa kileleni ni theluji, na lava yake ni baridi.”

Yote mawili si kweli. Lengai ndiyo volkano pekee inayojulikana leo kutoa lava iliyojaa magadi. Hutoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, nusu ya lava za kawaida, ndipo uvumi wa “baridi” ulipoanzia. Nyuzi 500 zinaunguza nyama hadi mfupa, na mchana lava hiyo haing'ai kukuonya. Tena mlima huu hautiririshi tu. Julai 2007 matetemeko ya eneo hilo yalisikika hadi Nairobi, na Septemba ukalipuka, majivu yakaharibu malisho ya mifugo. Mlipuko huo ulichimba shimo refu kileleni, na kingo zake zingali zinamomonyoka. Mwongozaji akikuambia usisogee, simama hapo hapo, hata kama simu yako bado haijapata picha.