Kufungua Dansi Mtawanya: Ulipie Nini, Uache Nini

Kamati ya harusi inapoketi, ukumbi, chakula, mapambo na DJ hupata fungu lao mapema. Mafunzo ya kufungua dansi hukumbukwa wiki ya mwisho, michango imekwisha na maharusi hawajacheza pamoja hata wimbo mmoja. Kabla ya lolote, waulizeni wazazi. Huku Mtawanya, wilayani Kibiti, familia nyingi ni za Kiislamu, na si kila nyumba itapenda maharusi wacheze wameshikana mbele ya wazee. Wakikataa, msilipe senti: ingieni ukumbini kwa ngoma au taarabu, mketi, mtuzwe. Wakikubali, njia ni nne.

Kwenda Dar es Salaam

Walimu ni wengi, lakini barabara ina bei yake. Kwa nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, iliyoanza Desemba 2023, basi la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Kibiti hadi Mbagala ni takriban kilomita 130, yaani kama 6,300. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 25,000 na ushei. Vipindi vinne vinavuka laki moja, na mwalimu bado hajalipwa, wala bodaboda, wala chakula cha mchana. Anayetoka vijiji vya delta ya Rufiji anaongeza nauli ya boti, tena inayofuata kupwa na kujaa kwa maji.

Mwalimu aje Kibiti

Hapa mnalipa nauli ya mtu mmoja, kama 12,600 kwenda na kurudi, pamoja na ujira wake. Jozi mbili tatu za maharusi wakichangia, mzigo unapungua zaidi. Muulizeni kama anadai kwa saa au kwa siku, na kama nauli imo. Aliyesomea sanaa TaSUBa, Bagamoyo, ana msingi mzuri, ila kucheza jukwaani si sawa na kufundisha watu wawili kushikana. Mwombeni awaonyeshe kwanza.

Video za simu

Ndiyo njia ya bei ndogo. Dakika kumi kwa ubora wa 360 hula takriban MB 50. Ukipandisha hadi 1080, bando linakwenda mara tano au zaidi. Pakua mara moja, rudia bila intaneti. Kasoro yake ni kwamba video haikuoni: haitakwambia mabega yamekakamaa au unamkanyaga mwenzako.

Mtu wa karibu

Wazee waliokulia na muziki wa bendi za Msondo na Sikinde wanaijua rumba kwa miguu. Shikamoo na soda vinatosha kuanzia. Hatua yenyewe ni nyepesi: mguu wa kushoto pembeni, leta wa kulia, pumzika, kisha rudi upande wa pili. Bibi harusi ajifunge kitenge kinachofika chini na avae viatu vya siku ile, maana shela ndefu hubadilisha hatua. Msijifunzie kwenye mchanga wa uani pekee; tafuteni sakafu ya saruji, kwa sababu mchanga hushika mguu na vigae huteleza.

Uamuzi wetu

Mtindo wa waltz huhesabiwa kwa tatu na mizunguko yake inadai muda. Kwa asiyewahi kudansi, rumba ya hesabu ya nne inafaa zaidi. Anzeni na mzee wa karibu na video moja, mfanye mazoezi jioni kwa mwezi mzima, kisha mlipie kipindi kimoja cha mwalimu aje kuwanyoosha. Mwambieni DJ aukate wimbo kwenye dakika mbili na mjaribu wimbo huohuo uliokatwa. Safari nne za Dar hazina faida kwa dansi la dakika mbili. Fedha hiyo wekeni kwenye nyumba mnayoianza, na fungu dogo la mwalimu liandikwe kwenye kikao cha kwanza cha kamati.