Manyoya Yapi kwa Anayeanza?

Huko Kenya wapo wanawake wanaojipatia riziki kwa kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki trauti. Hapa Songambele nami najifunza. Anza na manyoya ya sungura: ni laini, hushika uzi upesi. Kwa kuwa hunyonya maji, yafaa nzi wa kuzama. Nzi wa kuelea mpe nyuzi za polipropilini, nyepesi kuliko maji. Paka uzi nta, weka manyoya machache, sokota upande mmoja tu, ukirudisha yatafumuka. Mimi nilijaza mno, nzi akavimba kama jipu!

Lakini kama muuguzi nakusihi: watoto wakae mbali. Ndoano ikichoma jicho, usiichomoe. Likinge jicho bila kuligandamiza, mwahi hospitali.