Je, Wajua? Kushutumu Kulianza Kama Tusi

Neno shutumu lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kutukana. Leo unaweza kumshutumu mtu bila kutamka tusi hata moja. Maneno ya lawama, basi, hayalingani, hata yakikaa jirani katika kamusi. Kulaumu ni kusema kosa ni la fulani. Kukaripia kunataka sauti kali, na kwa kawaida mkubwa ndiye humkaripia mdogo. Kusuta ni kumuumbua mwongo uso kwa uso. Ndiyo maana dhamiri nayo husuta, kwani inaujua ukweli wote. Kusimanga ndiko kuchungu zaidi: aliyekulisha jana, leo anakuhesabia matonge.

Mtu wa Likasi, mji wa Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anaweza kupinga: hayo ni ya pwani, Kiswahili cha Katanga kimekulia migodini, kati ya watu wa lugha nyingi, na Kifaransa kimo ndani yake. Ni kweli. Lakini Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya nchi hiyo ya 2006, na Redio Okapi, iliyoanza 2002, hukitumia hewani. Ikitangazwa humo kwamba serikali imelaani shambulio, msikilizaji husikia kauli ya kisiasa. Hasikii dua mbaya. Ila kulaani, kwa asili, ni kumtakia mtu ghadhabu ya Mungu. Mzazi akimlaani mwanawe, hakuna anayeichukulia laana hiyo kuwa taarifa ya habari.